Murumbi: Waziri aliyebeba urafiki mgumu baada ya askari wa Uingereza kuondoka

UKIMTAJIA mkazi wa Nairobi Soko la Burma, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni nyama. Wauzaji wa soko hilo lililo kando ya Barabara ya Jogoo, si mbali na Uwanja wa City na nyumba za mtaa wa Kaloleni, wamejijengea sifa kwa miaka mingi miongoni mwa wenye hoteli, wenye sherehe na akina mama wanaotafuta kitoweo cha jioni.

Ni wachache wanaotua kuuliza jina hilo lilifikaje Eastlands. Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar, ni nchi ya Asia ambako maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walipigana chini ya bendera ya Uingereza mwaka 1944, wakiwa katika vikosi vya Kings African Rifles, ambavyo wananchi waliviita Keya.

Waliojaliwa kurudi walikuta nchi ile ile iliyowanyima ardhi na kura. Mmoja wao, Waruhiu Itote, baadaye alijulikana kama Jenerali China katika msitu wa Mlima Kenya, akipigana na jeshi lile lile lililomfunza kushika bunduki.

Wakazi wa mitaa inayolizunguka soko hilo walilijua jeshi la Uingereza kwa njia nyingine pia. Aprili 24, 1954, katika operesheni iliyopewa jina la Anvil, maelfu ya askari waliizingira Nairobi, wakaingia nyumba kwa nyumba na kuwachuja wenyeji mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia kichwani. Wengi walipakiwa kama mizigo, wakapelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani.

Kwa hivyo, askari wa mwisho wa Uingereza walipofungasha virago Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, kulikuwa na swali lililosumbua wengi Eastlands na kwingineko nchini. Je, mkubwa alikuwa ameondoka kweli, au walikuwa wameondoka askari wake tu?

Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kulijibu swali hilo mbele ya ulimwengu alikuwa Joseph Anthony Murumbi, aliyeshika Wizara ya Mashauri ya Kigeni wakati Kenya ilipokuwa jamhuri.

MWANA WA TAMADUNI MBILI

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake, aliyeitwa Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa, na mama yake alikuwa Mmaasai. Akiwa bado mtoto alipelekwa India kusoma, na miaka mingi ikapita kabla hajarejea nyumbani akiwa kijana asiyeijua vyema lugha ya mama yake.

Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi. Mzungu alikuwa na mtaa wake na mshahara wake, Mhindi vivyo hivyo, na Mwafrika akaachiwa kilichobaki. Murumbi angeweza kujiweka katika daraja la Waasia na kupata nafuu ya maisha. Badala yake alichagua kuwa Mwafrika, akalitwaa jina la Murumbi kutoka upande wa mamake.

Mwaka 1941, Uingereza ilipoinyang'anya Italia nchi ya Somalia, Murumbi alikwenda huko kufanya kazi ya ukarani katika utawala wa kijeshi wa Waingereza. Alikaa karibu miaka 10. Huko aliona kwa macho yake jinsi jeshi linavyoweza kuendesha nchi ya wenyewe kwa karatasi na mihuri, na pia akawafahamu Wasomali, ambao baadaye wangekuwa sehemu ya mashaka yake makubwa ya kidiplomasia.

Aliporejea Nairobi alijiunga na chama cha KAU. Wakati huo Ukumbi wa Kaloleni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Burma, ulikuwa kama bunge la Waafrika wasiokuwa na bunge. Ni katika ukumbi huo, Aprili 23, 1950, ambapo mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi ulidai uhuru kamili kwa nchi za Afrika Mashariki, na Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi, alikuwa msitari wa mbele katika kulitoa dai hilo.

Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na Jomo Kenyatta na wenzake kukamatwa, chama kilibaki bila viongozi. Murumbi, mgeni katika siasa, akajikuta kaimu katibu mkuu. Aliyemshika mkono katika siku hizo alikuwa mwanahabari Pio Gama Pinto, Mkenya mwenye asili ya Goa. Urafiki wao ulidumu hadi kifo, na hata baada ya kifo.

SHULE YA LONDON

Mwaka 1953, kabla ya KAU kupigwa marufuku mwezi Juni, Murumbi aliondoka nchini kwenda kuieleza dunia yaliyokuwa yakitendeka Kenya. Alipitia India na Misri, na hatimaye akatua London, mji mkuu wa dola aliyokuwa akiipinga. Alikaa uhamishoni karibu miaka tisa.

Huko alifanya kazi na mbunge wa chama cha Leba, Fenner Brockway, katika vuguvugu la kutetea uhuru wa makoloni lililoanzishwa mwaka 1954. Alihutubia mikutano, akaandika makala na kuwapokea wanafunzi na wanasiasa kutoka kila pembe ya Afrika. Huko pia ndiko alikompata mkewe, Sheila, aliyeandamana naye hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa hivyo Murumbi hakuwachukia Waingereza. Aliwajua. Aliwatofautisha wale waliosimama naye majukwaani na wale waliotia saini amri za kuwafunga wenzake. Tofauti hiyo ilimfaa sana baadaye, kwa kuwa anayemchukia mshirika wake hawezi kujadiliana naye, na anayemwabudu hawezi pia.

Kuanzia mwaka 1957 hadi 1962 aliajiriwa katika ubalozi wa Morocco jijini London. Morocco ilikuwa imepata uhuru wake mwaka 1956, lakini kwa miaka kadhaa baadaye bado ilikuwa na askari wa kigeni katika ardhi yake. Murumbi alijifunza kazi ya ubalozi katika ofisi ya taifa lililokuwa na bendera na wimbo wake, huku likiendelea kumsihi rafiki yake aondoe bunduki.

UHURU NA MIKATABA

Alirejea Kenya mwaka 1962, akaingia bungeni na kuwa Waziri wa Nchi katika afisi ya Waziri Mkuu Kenyatta uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963.

Mipango ilikuwa kwamba majeshi ya Uingereza yaondoke katika muda wa mwaka mmoja. Hata hivyo, majuma sita tu baada ya sherehe, Januari 24, 1964, askari wa Kenya waliasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, wakifuata mkumbo wa maasi ya Tanganyika na Uganda. Serikali changa ikalazimika kuwaita askari wa Uingereza waliokuwa bado nchini, nao wakayazima.

Lilikuwa jambo la aibu, na somo pia. Kaskazini, mashifta walikuwa wakishambulia vituo vya polisi wakitaka eneo hilo liungane na Somalia. Somalia nayo ilikuwa imevunja uhusiano na Uingereza mwaka 1963 kwa sababu ya suala hilo hilo. Kenya ilihitaji ndege, magari, redio na wakufunzi, na mwenye vitu hivyo alikuwa yule yule aliyetakiwa aondoke. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu.

Mkataba wa ulinzi ulitiwa saini Juni 1964. Uingereza ilikubali kusaidia kuunda na kufunza jeshi la nchi kavu, wanahewa na wanamaji wa Kenya, na kuikabidhi nchi sehemu ya zana na majengo yake. Kenya nayo ikaruhusu ndege za kijeshi za Uingereza kupita katika anga yake, meli za kivita kutia nanga Mombasa, na askari wa Uingereza kuja nchini kufanya mazoezi.

Kambi ya Kahawa ilikabidhiwa serikali, na mahali walipolala wanajeshi wakaja wanafunzi. Hapo ndipo kilipozaliwa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Lakini maafisa wa ngazi za juu hawakuondoka pamoja na askari wa kawaida. Jeshi la nchi kavu halikupata kamanda Mwafrika hadi mwaka 1966, Joseph Ndolo alipochukua usukani. Wanahewa na wanamaji walisubiri hadi miaka ya sabini.

Hata mwakilishi wa Uingereza jijini Nairobi hakuwa sura mpya. Malcolm MacDonald alikuwa gavana wa mwisho wa koloni, kisha Gavana Mkuu katika mwaka wa kwanza wa uhuru, na jamhuri ilipotangazwa akabaki kama balozi wa nchi yake. Alishika vyeo vitatu bila kuhama mji, na milango ya Kenyatta haikufungwa kwake.

KONGO, SILAHA NA RISASI

Murumbi aliichukua wizara wakati mgumu. Novemba 1964 Kenyatta alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Muungano wa Nchi Huru za Afrika iliyojaribu kupatanisha pande zilizopigana nchini Kongo, na mazungumzo yalikuwa yakiendelea Nairobi. Novemba 24, ndege za Marekani ziliwadondosha makomando wa Ubelgiji mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Ndege hizo zilikuwa zimepitia kisiwa cha Ascension kwa idhini ya Uingereza.

Hivyo ndivyo Kenya ilivyoingia katika mwezi wa kuagana na majeshi ya Uingereza. Rafiki aliyekuwa akifungasha mizigo yake Nairobi alikuwa amefungua mlango wa kuuvuruga upatanisho ulioongozwa na Nairobi.

Msimamo wa Murumbi ulikuwa kwamba Kenya isifungamane na upande wowote. Mei 1964 yeye na Oginga Odinga walikuwa wamezuru Moscow na Beijing na kurudi na ahadi za misaada, ikiwemo hospitali iliyojengwa Kisumu, ambayo wenyeji hadi leo huiita Russia. Kwake hilo halikuwa ukomunisti. Lilikuwa jaribio la kuwa na marafiki wengi ili asiwepo mmoja wa kumtegemea kwa kila kitu.

Jaribio hilo halikufika mbali. Aprili 1965 meli ya Urusi iitwayo Fizik Lebedev iliwasili Mombasa ikiwa na shehena ya silaha. Kenyatta alizikataa, maelezo yakiwa kwamba zilikuwa kuukuu, na wakufunzi Warusi wakarudishwa kwao. Nyaraka za serikali ya Uingereza zilizofunguliwa miaka mingi baadaye zinaonyesha kwamba, katika mwezi huo huo, London iliandaa mpango wa kuleta askari wake kumlinda Kenyatta iwapo angepinduliwa. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu wa mwisho wao kuondoka.

Wanahistoria waliozipekua nyaraka hizo wameeleza pia kwamba mashauri mazito ya ulinzi baina ya nchi hizi mbili yalipitia kwa watu wachache waliokuwa karibu na Rais, hasa Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo na Waziri wa Kilimo Bruce McKenzie. Wizara ya Mashauri ya Kigeni ilisema hadharani lugha ya kutofungamana, na vyumba vingine vikazungumza lugha ya kutegemeana.

Katikati ya hayo, Februari 24, 1965, Pio Gama Pinto alipigwa risasi na kufa langoni mwa nyumba yake mtaani Westlands, mtoto wake mdogo akiwa garini. Kwa Murumbi hilo halikuwa tukio la kisiasa tu. Alikuwa amempoteza mtu aliyemwingiza katika siasa. Waliomjua wanaeleza kwamba hakuwa yule yule tena.

MTIHANI WA RHODESIA

Mtihani mkubwa ulikuja Novemba 11, 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Uingereza, iliyotuma maelfu ya askari Kenya kupambana na Mau Mau, ilikataa kutumia nguvu dhidi ya walowezi wachache wenye damu moja nayo. Waziri Mkuu Harold Wilson alichagua vikwazo.

Mapema Desemba mawaziri wa Muungano wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa na kukata shauri kwamba, kama Uingereza haingekuwa imeuangusha utawala wa Smith kufikia Desemba 15, nchi zote wanachama zivunje uhusiano nayo.

Siku hiyo ilipofika, nchi tisa pekee ndizo zilizotimiza ahadi. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, na ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa tayari kuipa. Kenya haikuvunja uhusiano.

Hesabu yake ilieleweka. Fedha za kununulia mashamba ya walowezi ili wananchi wagawiwe zilitoka kwa kiasi kikubwa Uingereza. Vita vya mashifta vilikuwa bado vinaendelea, na marubani na mafundi wa Uingereza walikuwa tegemeo. Kuvunja uhusiano kungekuwa sawa na mtu kukata tawi alilokalia.

Lakini heshima nayo ina hesabu yake. Murumbi ndiye aliyekuwa waziri wa nchi iliyopigana na walowezi kwa damu, na ambayo sasa ilibaki na balozi wake London wakati Dar es Salaam ilikuwa imemwondoa wa kwake. Alilazimika kutetea katika vikao vya Afrika uamuzi ambao haukulingana na yale aliyoyahubiri majukwaani London kwa miaka tisa.

Kuna wanaosema historia iliipa Kenya haki, kwa kuwa Tanzania yenyewe ilirejesha uhusiano mwaka 1968 huku Smith akiwa bado madarakani. Wengine husema Tanzania ilionyesha kwamba nchi maskini inaweza kukataa, na kwamba hasara ya pauni milioni 7.5 iliinunulia sauti ambayo Nairobi haikuwa nayo Kusini mwa Afrika. Hoja zote mbili zina uzito, na ugumu wa kazi ya Murumbi ulikuwa hapo hapo katikati yake.

KUONDOKA KIMYA KIMYA

Odinga alipojiuzulu Aprili 1966 na kuanzisha chama cha KPU, Kenyatta alimteua Murumbi kuwa Makamu wa Rais mwezi uliofuata. Wengi walitaraji angedumu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameacha wadhifa huo na siasa kwa jumla, bila hotuba za kumshambulia mtu wala kuunda chama.

Kujiuzulu kwake kumehusishwa na mengi: kifo cha Pinto, ulafi wa ardhi na mali ulioanza kuota miongoni mwa viongozi, na kuchoshwa na mambo yaliyoamuliwa pasipo yeye. Mapema mwaka 1967, muda mfupi baada ya yeye kuondoka, Kenya na Uingereza zilifikia maafikiano ya siri yaliyoitwa ya Bamburi, kuhusu jinsi London ingeitazama Kenya endapo Somalia ingeivamia. Wananchi hawakuambiwa.

Murumbi aliingia katika biashara, kisha akajitolea kwa jambo alilolipenda tangu ujanani, yaani kukusanya vitabu, stempu, sanamu, vinyago, nguo na nyaraka za Afrika. Pamoja na Mmarekani Alan Donovan alianzisha mwanzoni mwa miaka ya sabini jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi.

Wageni walimwendea na fedha nyingi wakitaka kuuhamishia ng'ambo mkusanyiko wake, wenye maelfu ya vitabu. Alikataa. Katika nusu ya pili ya miaka ya sabini aliiuzia serikali ya Kenya hazina hiyo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba ingegeuzwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikuja, na nyumba ikabomolewa. Vitabu na kazi za sanaa, hata hivyo, vilinusurika, na sehemu kubwa imehifadhiwa katika jumba la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka katikati ya jiji.

Huenda hiyo ndiyo ilikuwa diplomasia yake ya mwisho. Alikuwa amegundua kwamba taifa linaweza kuwaondoa askari wa mgeni katika mwaka mmoja, lakini kujijua na kujithamini, ambako ndiko humfanya mtu ajadiliane bila kuinama, huchukua muda mrefu zaidi.

Miaka ya mwisho aliishi Transmara, karibu na jamaa za mamake, kabla ya maradhi kumrudisha Nairobi. Alifariki Juni 22, 1990, akazikwa katika bustani ya City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pinto, kama alivyotaka.

Swali aliloachiwa mwaka 1964 halijazikwa naye. Askari wa Uingereza wangali wakija Nanyuki kwa mazoezi, chini ya mikataba ambayo chimbuko lake ni ule wa 1964. Wapo wafanyabiashara wa Laikipia wanaofaidika nao. Wapo pia wanaodai fidia kwa mioto na mabomu yaliyoachwa malishoni, na familia ya mwanamke aliyeuawa mjini Nanyuki mwaka 2012, ambayo ilihangaika kwa zaidi ya mwongo mmoja ikitafuta haki.

Kila mara mkataba huo unapofika bungeni kujadiliwa, wabunge hurudia mabishano aliyoyajua Murumbi: tunapata nini, tunatoa nini, na nani anayeruhusiwa kuuliza. Yeye aliyauliza akiwa ndani ya serikali, na majibu yalipohamia vyumba vingine, akachukua kofia yake akaenda zake.